Mteja Akisema "Ampli Imekufa", Usirudishe Hela Kabla Hujauliza Maswali Haya



Mimi nauza vyombo vya muziki vilivyotumika: magitaa, vinanda, maiki, na zaidi ampli za gitaa. Stoo yangu ni chumba kimoja ghorofani hapa Kariakoo, hatua chache kutoka Msimbazi. Duka lenyewe ni simu. Naposti Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp, mteja anachagua, anatuma hela, mzigo unatoka kwa boda kama yupo Dar au kwa basi kama yupo mkoani.

Leo nataka niongee na wewe unayeuza kitu chochote cha umeme mtandaoni. Mfano wangu ni ampli ya gitaa kwa sababu ndiyo iliyonitoa jasho, lakini ukiuza redio, blenda au spika za bluetuthi utajiona humu ndani. Kaa na mimi mpaka mwisho.

HASARA YANGU YA KWANZA

Mwaka wangu wa kwanza niliuza ampli ya wati 30 kwa laki tatu na nusu. Mteja alikuwa mwalimu wa kwaya, Morogoro. Ijumaa nikaiweka kwenye basi. Jumamosi jioni simu ikaita.

"Kaka, umenitapeli. Ampli imekufa. Kesho tuna ibada na wageni wanakuja."

Nikajaribu kujitetea, akakata simu. Baada ya dakika kumi naona kwenye posti yangu kaandika: "Huyu ni tapeli, msinunue." Nikaogopa. Usiku uleule nikarudisha hela yote, na nauli ya basi ya kurudisha mzigo nikalipa mimi.

Jumanne ampli ikafika. Nikaibeba kwa fundi mmoja mzee hapa uchochoroni, wa tangu enzi za redio za taa. Yule mzee hata bisibisi hakushika. Alichukua waya wake wa gitaa, akachomeka, akagusa uzi mmoja. Sauti ikajaa chumba kizima.

Kisha akachukua ule waya uliorudi ndani ya boksi, ambao mwalimu aliusahau humo. Akafungua jeki yake. Waya wa katikati ulikuwa umekatika, umening'inia tu. Akaniangalia, akasema: "Mwanangu, waya wa elfu nane umekutoa jasho lote hili."

Piga hesabu. Ile ampli niliiuza baadaye laki mbili na themanini, maana kila aliyeona ile komenti alitaka punguzo. Hapo elfu sabini imekwenda. Basi kwenda na kurudi, elfu ishirini. Makato ya kutuma hela na soda ya fundi, juu yake. Na kwaya ikaimba bila gitaa mbele ya wageni, wakati ampli ilikuwa nzima kabisa pale kanisani kwao.

HASARA YA PILI ILIUMA ZAIDI

Baada ya hapo nikawa mkali. Mteja yeyote akilalamika, jibu langu moja: "Shida ni waya wako."

Akaja kijana mmoja wa Temeke. Kanunua ampli iliyotoka Japani. Akaniambia ameiwasha, imelia "mmmm", ikatoa harufu ya kuungua, ikazima. Nikamjibu kwa kejeli kwamba hajui kutumia vyombo. Yule kijana hakunitukana. Kesho yake akaibeba begani, akapanda ngazi mpaka stoo, akaigeuza na kunionesha kibati cha nyuma. Kimeandikwa 100V.

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Mimi mwenyewe nilikuwa nimempa na adapta ya plagi ili iingie kwenye tundu letu la pini tatu. Adapta ile inabadilisha umbo la plagi tu, umeme unabaki uleule. Transfoma ilikuwa imeungua. Sikuwa nimesoma kibati hata siku moja. Nilirudisha hela yote, na ampli ile ikabaki ya kuuza spea.

Somo nililopata ni hili: mteja hakosei siku zote, na mimi sikosei siku zote. Neno "mbovu" siyo hukumu, ni mwanzo wa maswali. Anayejua ukweli ni kipimo. Kwa hiyo nikakaa na yule mzee siku kadhaa, nikaandika maswali yake kwenye daftari kwa mpangilio. Sasa nayauliza mara mbili: mara ya kwanza mimi mwenyewe kabla ya kuposti, mara ya pili kwa simu mteja akilalamika.

KWANZA ELEWA NJIA YA SAUTI

Sauti ndani ya ampli inapita kama maji kwenye bomba. Inatoka kwenye gitaa, inapita kwenye waya, inaingia kwenye tundu la jeki, inafika sehemu ya kwanza inayoikuza kidogo na kuipa ladha (hapo ndipo kuna volyumu, besi na trebo), inakwenda sehemu ya pili inayoipa nguvu, halafu inamalizikia kwenye spika. Umeme unazilisha hizo sehemu zote.

Maji yasipotoka bombani, huanzi kwa kuvunja ukuta. Unaanza na koki. Kanuni ya mzee ni mbili tu: anza na kitu cha bei ndogo, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo ikapona, hutajua ugonjwa ulikuwa wapi.

SWALI LA 1: TAA INAWAKA?

Kama taa haiwaki, usiseme ampli mbovu. Mwambie mteja achomeke chaja ya simu kwenye tundu lilelile la ukutani. Simu isipochaji, tatizo ni tundu, ekstensheni au Luku imeisha. Usicheke, imeshanitokea.

Simu ikichaji, tunahamia kwenye fyuzi. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndogo ndani yake. Ampli nyingi zina fyuzi nyingine nyuma, pembeni ya waya wa umeme. Chomoa kwanza ukutani ndipo uguse fyuzi. Ikiwa imeungua, weka yenye namba ileile iliyoandikwa. Ikiungua tena palepale, simama. Ndani kuna kitu kimepiga shoti, hiyo ni kazi ya fundi.

Na tafadhali, usiweke karatasi ya sigara wala kipande cha waya mahali pa fyuzi, wala fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa. Fyuzi ni mlinzi. Ukimfunga macho mlinzi, mwizi ataingia ndani, na hapa mwizi ni moto.

SWALI LA 2: KIBATI CHA NYUMA KINASEMAJE?

Hili nauliza kabla hata ya kununua mzigo. Vyombo vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100, vya Marekani kwa volti 120. Kikiandikwa 220, 230 au 240, uko salama. Kikiandikwa 100-240V, uko salama pia, kinakubali umeme wa kote. Baadhi vina swichi ya kuchagua volti, hapo hakikisha swichi imekaa upande wetu kabla ya kuchomeka.

Kikiandikwa 100 au 120 peke yake, lazima kiende na transfoma ya kushusha umeme, inayotoa volti zilezile zilizo kwenye kibati. Na usidanganyike na "wati 30" ya mbele. Hiyo ni nguvu ya sauti. Angalia wati za umeme kwenye kibati cha nyuma, mara nyingi ni nyingi zaidi, kisha chagua transfoma inayozidi hapo. Bei ya transfoma iandike kwenye posti. Mteja asije akaijua nyumbani kwake.

SWALI LA 3: TAA INAWAKA LAKINI KIMYA?

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotoka. Fuata hivi:

Waya. Badilisha waya wa gitaa kwa mwingine unaojulikana ni mzima. Kama hana mwingine, mwambie achomeke huohuo, aweke volyumu chini, kisha aguse kwa kidole ncha ya jeki ya upande wa pili. Ukisikia mlio wa "bzzz", waya unapitisha na ampli iko hai.

Gitaa. Volyumu ya gitaa imefunguliwa? Gitaa lina betri ya volti 9 ndani? Magitaa yenye betri yanakula betri muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Mteja akiacha waya umechomekwa usiku kucha, asubuhi anakupigia kusema ampli imekufa. Pedali za efekti zina tabia hiyohiyo. Toa pedali zote, chomeka gitaa moja kwa moja.

Tundu la hedifoni. Ukichomeka hedifoni, kuna kibati kidogo ndani kinachokata sauti ya spika. Hapa Dar, unyevu na hewa ya chumvi vinashika kutu vibati hivyo, kibati kinabaki kimekata hata ukichomoa. Chomeka na kuchomoa hedifoni mara kumi hivi, umeme ukiwa umezimwa. Sauti ikirudi, umepata mwizi.

SEND na RETURN. Ampli nyingi zina matundu mawili nyuma yenye maandishi hayo. Sauti inatoka sehemu ya kwanza kupitia moja na kurudi sehemu ya pili kupitia jingine. Tundu la RETURN likichafuka, sauti inakatika katikati ya safari. Chukua waya mfupi, uunganishe SEND na RETURN. Sauti ikirudi, ampli ni nzima, tundu ndilo chafu. Na ukichomeka gitaa kwenye RETURN ukasikia sauti hata ndogo, ujue nguvu na spika ni vizima, ugonjwa uko mwanzoni.

Waya za spika. Safari ya basi ni mtikisiko mtupu. Ampli zilizo wazi nyuma, spika unaiona. Mteja azime, achomoe umeme, aangalie kama waya mbili za spika zimechomoka kwenye masikio yake. Nimeokoa mizigo mitatu ya mkoani kwa swali hili moja.

SWALI LA 4: INAKWARUZA AU INAKATIKAKATIKA?

Kama inakwaruza ukizungusha volyumu, ni vumbi ndani ya volyumu. Kuna dawa ya kopo ya kusafishia swichi na volyumu, inauzwa madukani hapa Kariakoo. Fundi anapulizia kidogo, anazungusha mara ishirini, imekwisha. Usitumie oili ya cherehani wala mafuta ya kulainishia, yanavuta vumbi zaidi.

Kama inakatika ukigusa jeki pale inapoingia, ni tundu la kuingizia gitaa. Hilo ndilo linalovutwa na kukanyagiwa waya kila siku, kwa hiyo risasi yake hupasuka. Kazi ya dakika chache kwa fundi, wala siyo ampli ya kutupa.

Kama inaanza vizuri, inakata ikipata joto, inarudi ikipoa, hapo kuna kiungo cha risasi kilicholegea au kifaa kinachochoka. Usiiuze hiyo kwa kuomba Mungu. Mpe fundi.

SWALI LA 5: INANGURUMA "MMMM"?

Chomoa waya wa gitaa kwenye ampli, acha ikiwa imewashwa. Ikinyamaza, kelele inatoka mbele: waya mbovu, au gitaa lenyewe. Magitaa yenye pikapu za koili moja hunguruma kwa asili yake, hasa karibu na taa za tyubu na chaja za simu. Mwambie ageuke upande mwingine au asogee mbali.

Ikiendelea kunguruma hata volyumu ikiwa sifuri, ugonjwa uko ndani, mara nyingi kapasita za umeme zimezeeka. Hilo siyo kosa la mteja. Kama uliuza bila kusema, rudisha hela.

Lakini mteja akikuambia "nikigusa nyuzi napigwa shoti", usiulize swali jingine. Mwambie azime ukutani, achomoe, asiguse tena. Tatizo ni athi, ule waya wa kijani na njano unaopeleka umeme uliopotea ardhini. Wapo wanaokata pini ya athi ili mngurumo upungue. Usikubali, na usiuze ampli yenye plagi ya namna hiyo. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani baada ya kushika maiki ambayo haikuwa na athi. Alikuwa na gitaa mkononi. Usiuze kitu ambacho usingempa mwanao apige.

SWALI LA 6: SAUTI INATOKA LAKINI IMECHAKAA?

Hapa mtuhumiwa ni spika. Umeme umechomolewa, sukuma karatasi ya spika taratibu kwa vidole, pande zote kwa usawa. Ukisikia inakwaruza, koili ya ndani inasugua. Angalia pia kama karatasi imechanika. Mimi stoo natoa waya za spika kwenye ampli kwanza, kisha nagusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwenye masikio yake. Spika hai inalia "tap" na karatasi inacheza. Mwenye mita atapima: spika ya omu 8 huonesha kama 6 au 7. Ikionesha imekatika kabisa, spika imekufa. Lakini spika ni spea, inabadilishwa.

VITU AMBAVYO MIMI NA WEWE HATUGUSI

Kuna ampli za taa za kioo, zile wengine wanaita valvu. Ndani yake zinabeba volti mia kadhaa, na kapasita zake zinaweza kushikilia umeme huo hata baada ya kuchomoa ukutani. Sisi ni wauzaji, siyo mafundi. Usifungue. Na usimwelekeze mteja kwa simu afungue ampli yoyote, iwe ya valvu au ya kawaida. Maswali yangu yote ni ya nje ya boksi.

Ampli ya valvu pia usiiwashe bila spika kuunganishwa, unaweza kuunguza transfoma ya kutolea sauti. Na waya wa spika siyo waya wa gitaa, hata kama jeki zao zinafanana. Waya wa gitaa ni mwembamba, ukiupitishia nguvu ya spika unaweza kupata moto.

SIKU MASWALI YALIPOLIPA

Jumamosi moja, saa kumi na mbili jioni, kijana anayepiga solo kwenye bendi ya hoteli kule Bagamoyo akanipigia. Ampli kanunua kwangu wiki mbili nyuma. "Kaka, sauti inakuja inaondoka, na saa mbili tunapanda." Nikasikia kwenye sauti yake kwamba hela nataka nirudishiwe iko njiani inakuja.

Sikujitetea, sikumlaumu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, tuna saa mbili, tuulizane maswali." Taa inawaka, ndiyo. Waya umebadilisha, ndiyo. Toa pedali, katoa, bado. Hedifoni hana. Nikamwambia achukue ule waya mfupi wa pedali, aunganishe SEND na RETURN nyuma. Kimya kidogo. Halafu nikasikia gitaa kwenye simu, kubwa, safi.

Alipiga usiku mzima hivyohivyo. Jumatatu akaja nayo Kariakoo, fundi akasafisha tundu, nikamlipia mimi kwa sababu nilipaswa kuliona kabla. Yule kijana ameshaniletea wateja wanne.

Usisahau hili. Muziki wa dansi wa mji huu umekua juu ya vyombo vya watu wengine. NUTA Jazz ilipoanza mwaka 1964 ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya chama. Kwa miaka mingi mwanamuziki alikuwa na vidole vyake tu, vyombo ni vya mwenye bendi. Leo kijana anajikusanya miezi sita anunue ampli yake mwenyewe kwa kuona picha tu kwenye simu yako. Akisema imekufa, anaongelea kazi ya usiku ule na hela ya kula kesho. Ukimjibu kwa kejeli, umempiga aliyeanguka.

MAMBO SABA NINAYOFANYA SASA, NA WEWE FANYA

1. Kabla ya kuposti, napitisha maswali yote sita. Kinachofeli nakirekebisha au nakitaja.

2. Picha ya kibati cha nyuma ni lazima iwe kwenye posti. Volti zionekane.

3. Narekodi video ya dakika mbili siku ya kutuma: namba ya ampli, nawasha, nazungusha kila volyumu, nachomeka kila tundu. Namtumia mteja, na mimi nabaki nayo. Video hiyo inanilinda mimi na inamlinda yeye.

4. Kasoro naiandika wazi. "Volyumu inakwaruza kidogo" inapunguza elfu kumi kwenye bei. Ukiificha, inapunguza jina lako.

5. Kila ampli inatoka na waya wa gitaa niliojaribu mwenyewe. Gharama naiingiza kwenye bei. Tangu nianze, malalamiko ya "haitoi sauti" yamepungua sana.

6. Mkoani nafunga sponji pande zote, spika nailinda kwa ubao mwembamba au boksi gumu, na waya za ndani zinazoonekana nazibana ziwe imara. Juu naandika "usilaze, usikalie". Watakalia, lakini angalau umesema.

7. Sheria ya kurudisha iko kwenye maandishi kabla hela haijatumwa: siku saba, tunapitia maswali pamoja kwa simu ya video, kosa likiwa langu narudisha yote na nauli, kosa likiwa la waya au matumizi nitamsaidia kupata fundi lakini hela hairudi.

Mteja akilalamika, ujumbe wangu wa kwanza ni huu, unaruhusiwa kuuchukua: "Pole sana kwa usumbufu. Nipo na wewe mpaka tujue tatizo. Naomba video fupi ukiwa unawasha, halafu nitakuuliza maswali machache. Kosa likiwa langu, hela yako iko salama."

Angalia ulivyoanza: pole, kisha ahadi, kisha vipimo. Mtu aliyekasirika akisikia hela yake iko salama, anatulia na anaanza kukujibu ukweli.

Yule mwalimu wa Morogoro nilimpigia mwaka jana. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya ule waya. Akanyamaza muda, kisha akacheka, akasema waya ule waliutumia miaka minne. Komenti yake ameifuta. Hajanunua tena, ila ameniuliza bei ya maiki.

Sasa zamu yako. Unauza nini, na mteja wako hulalamika nini zaidi? Chukua daftari, andika maswali sita ya bidhaa yako, ukianza na lile la bei ndogo. Kisha tuandikie hapa chini tujifunze wote. Na kama kuna mwenzako anauza vya umeme, mtumie hii kabla hajarudisha hela ya watu kwa kosa la waya wa elfu nane.